Swali la Kumi na Saba

Saa tisa. Mvua ya Kakamega haikosi miadi.
Waliokuja kortini wamejibanza barazani kwangu,
mafaili ndani ya mifuko ya unga,
nami nimezima mashine ya fotokopi kuokoa wino,
nimefungua karatasi za mtihani wa kuingia shule ya sheria.

Kifungu kinahusu chemchemi na wenye chemchemi.
Swali la kumi na saba: mwandishi anadokeza nini?
Majibu matano, yote yamevaa tai.

Mwalimu Shivachi, karani mstaafu
anayenifundisha kwa malipo ya chai na andazi moja,
hataki kusikia kwamba natafuta jibu.
"Ukichagua maharagwe kwenye ungo," huniuliza,
"unatafuta haragwe?"
Hapana. Natafuta mawe.
"Basi."
Kisha akaniandikia, nyuma ya risiti ya mafuta ya taa:

    Jibu lenye "kila mara", hilo mwanangu lifute,
    Lililovuka ibara, likiwa tamu, likate,
    Lenye maneno ya sura yaliyopindwa, lipite,
    Litabaki la imara, dogo, kavu; usijute.

Nalifuta A. Lina "wote", lina "daima",
linawika kama jogoo wa kuazima.
D limeiba maneno ya mstari wa tisa
likayavaa ndani nje, mshono umeonekana.
E linajibu vizuri sana
swali ambalo hakuna aliyeuliza.

C ndilo lililonishika mkono.
C linasema wenye nguvu huandika mpaka wakiwa wameketi,
na mnyonge huusoma akiwa amesimama.
Ni kweli. Naapa ni kweli.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili, benchi la nyuma,
baba alipoulizwa juu ya mti wa lusiola mpakani kwetu Ikolomani.
Alisema, kwa lugha ya nyumbani, aliukuta.
Karatasi ikasema aliupanda.
Kitenzi kimoja,
na mahindi yetu yakahamia kwa jirani bila kung'olewa.
Baba hakubishana. Alidhani karatasi inajua zaidi.

Nasoma kifungu tena, kidole chini ya kila mstari.
Chemchemi. Mfereji. Kibali cha mwaka mmoja.
Hakuna baba humu. Hakuna mti.
Ukweli wangu haumo kwenye kifungu,
nami nikiutia kwa nguvu
nitakuwa karani yule yule, ila na machozi.

Nalikata C. Penseli inatoboa karatasi.

Limebaki B: kwamba mwandishi "ana shaka kiasi
kuhusu baadhi ya vibali."
Kiasi. Baadhi.
Jibu lisilo na chumvi, mbavu nje,
ambalo huwezi kumpelekea mtu matangani.
Nalitia alama. Sijui kama nimefaulu;
majibu yako kwa Mwalimu, mfukoni mwa koti.

Mvua inapungua. Mama mmoja, Muhonja, anasogea dirishani
na hati ya kiapo aliyoandikiwa na mtoto wa shule.
Anataka ipigwe chapa, nakala tatu.
"Nimeishi katika shamba hili daima,
na watu wote wanajua."

Penseli inanyanyuka yenyewe.

"Mama, daima ni tangu lini?"
Ananitazama kama nimemtukana. Kisha anahesabu
kwa vidole, kwa watoto, kwa kitu ambacho sikioni.
"Tangu mwaka maji yalipobeba daraja.
Nilivuka kwa kamba. Nilikuwa na mimba ya Lisanza."
"Na wanaojua ni nani?"
"Imbuhila. Na marehemu mumewe.
Na yule wa kinu, kama bado anakumbuka."

Nawasha mashine. Taa ya kijani inasitasita.
"Basi tuandike hayo," namwambia.
"Hayo tu?"
"Hayo tu, mama. Anza na kamba."